Mwalimu Constance Chileshe na Tufeza wa Katobwe

Mheshimiwa padri, ndugu na jamaa mliotoka karibu na mbali, majirani wa Kasungami, walimu na wanafunzi mliotoka commune ya Kenya, hapo mjini, kuja kulia pamoja nasi, poleni. Sisi wa ukoo wa Lombe, kwa kinywa cha Jeannot, mdogo wa mwisho wa marehemu, tunawaomba mtusikilize kabla hatujamfunika dada yetu kwa udongo, tuwaeleze alikuwa nani na amefikaje hapa, maana mengi yamesemwa juu yake katika mtaa huu, na leo ndiyo siku ya mwisho ambayo yeye mwenyewe yuko kati yetu yanaposemwa.

Mwalimu Constance Chileshe Lombe alizaliwa hapa Kasungami, tarehe 14 Septemba 1967, mtoto wa nne wa marehemu Kasonde Lombe, mkulima, na marehemu Mama Mwape, wakati mahali hapa palikuwa mashamba ya mahindi na mihogo, na mji wa Lubumbashi ulikuwa kitu cha kuendea kwa miguu na kurudi umechoka. Shamba la baba yetu liliteremka hadi kijito cha Katobwe, kile kinachotoka juu kwenye mushitu, yaani msitu mzito wa pale chemchemi inapobubujika, kikashuka kati ya matete na kwenda kuingia mto Kafubu. Watoto waliozaliwa siku hizi hawatatuamini, lakini maji ya Katobwe yalikuwa safi kiasi kwamba ukisimama katikati uliona kucha zako, chini ni mchanga mweupe, pembeni mizizi ya miti imening'inia ndani ya maji kama nywele za mtu anayezisuuza.

Ndani ya maji hayo waliishi samaki wadogo ambao sisi wa hapa tuliwaita kafeza, na wakiwa wengi tufeza, kwa sababu waling'aa kama fedha jua lilipowapata. Kafeza mzima hakuzidi kidole cha mwisho cha mkono, ubavuni ana mstari mweusi kutoka shingo hadi mkia, na mgongoni, karibu na mkia, ana kipezi kidogo cha pili kama kipande cha ukucha, ambacho ndicho alama ya jamaa yake yote, ile jamaa ambayo watu wanaofuga samaki katika vioo nchi za mbali wanaiita tetra. Hakuna aliyewavua, hata paka asingeshiba nao, na wenyewe hawakuogopa watu, waliishi kwa kundi, wakila sisimizi walioanguka kutoka kwenye matawi na kutaga mayai yao katika nyuzi za mizizi, na akina mama walipozamisha sufuria ili kuziosha, walikuja kundi zima kula makombo ya bukari, yaani ugali. Mama yetu alizoea kumtuma Constance kuosha vyombo asubuhi, naye alirudi mchana, vyombo vimeoshwa na samaki, yeye mwenyewe amelowa hadi kifuani, na fimbo aliyochapwa kwa ajili hiyo haikumsaidia kitu, kesho yake alichelewa tena.

Alianza shule ya msingi kwenye parokia mwaka 1973, akaendelea na sekondari kwa masista huko mjini, akapata diploma ya serikali mwaka 1986 katika biolojia na kemia, kisha akaingia chuo cha ualimu na kukimaliza mwaka 1990. Alikuwa msichana wa kwanza wa Kasungami kufika huko, na baba yetu, aliyekuwa amesema kwamba kusomesha binti ni kumwagilia shamba la jirani, siku ile alivaa koti lake la harusi na kuzunguka mtaa mzima kuwasalimu hata watu waliomchukia.

Kuanzia Januari 1991 alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari ya commune Kenya, na hakuhama shule hiyo mpaka ugonjwa ulipomtoa. Wengi wenu mliosimama hapa mlipita mikononi mwake. Mnakumbuka madarasa yale yenye watoto wanne kwenye benchi moja, nje fundi wa vyuma anagonga milango yake, upande wa pili kanisa linapiga ngoma siku za kazi, na Madame Constance anaingia amebeba chupa kubwa ya maji yenye samaki wadogo ndani, anaiweka juu ya meza karibu na dirisha, na makelele yote yanakufa. Mwanafunzi mmoja, ambaye leo ni baba wa watoto, aliinua mkono na kuuliza:

"Madame, hii samaki inakulwaka?"

"Hapana," akamjibu, "hii inaangaliwaka. Angalia kwanza, njaa itakuya nyuma."

Tarehe 8 Mei 1993, katika parokia yetu, alifunga ndoa na Bwana Sylvain Kalenga, fundi wa reli, mtoto na mjukuu wa watu wa reli waliotoka Kabalo. Ukoo wa Kalenga ulitushangaa kidogo, kwa sababu kati ya vitu ambavyo bibi harusi alihamia navyo palikuwa na sanduku la kioo, alilotengenezewa na fundi wa madirisha huko Kenya, na ndani yake tufeza wa Katobwe, na mama mkwe, Mungu amrehemu, aliuliza kama mwanawe ameoa mke au ameoa mto. Shemeji Sylvain alitengeneza meza ya chuma ya kubebea kioo kile, kisha akatengeneza ya pili na ya tatu, na ndivyo alivyompenda mkewe kwa miaka thelathini na miwili, kwa kuchomelea vyuma. Mungu aliwajalia watoto wawili, Plamedie, aliyeolewa Likasi, na Édouard, ambaye mnamwona hapa karibu na jeneza.

Nyumba walijenga hapahapa, kwenye kipande cha shamba la baba, hatua chache kutoka kwa Mama Jeanne, mwuza maharagwe wa soko la Kenya, na nyumba hizo mbili ziliishi bila ukuta kati yao. Chumvi ilipokwisha huku ilitoka kule, na Deborah, mtoto wa mwisho wa Mama Jeanne, alilala kwa Mwalimu Constance siku ambazo mama yake alikwenda Kasomeno kununua maharagwe, na alikuwa na ruhusa ambayo hata Édouard hakuwahi kuwa nayo, ya kuwapa tufeza chakula kwa mkono wake.

Mwaka 2009 alikuja mtafiti mmoja wa chuo kikuu, mtu mpole, akakaa Katobwe siku kadhaa na nyavu zake, akawapima tufeza, akasema jamaa zao wanajulikana, lakini hawa huenda ni aina ya pekee isiyopatikana kwenye maji mengine, na kwamba kulihakikisha jambo hilo kunahitaji muda. Walikubaliana kwamba angerudi, ila yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, na hakuna aliyeshika kazi yake, kwa hiyo mpaka leo samaki hao hawana jina la kitabuni. Marehemu alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba asiye na jina kitabuni naye anapumua.

Mwaka 2016 kilijengwa kiwanda cha kusafishia shaba juu ya kijito, chini kidogo ya mushitu. Hatutataja jina la kampuni mahali hapa, na hatukuja kumhukumu mtu mbele ya maiti. Vijana wengi wa mtaa walipata kazi, na Édouard, aliyekuwa ameketi nyumbani na diploma yake miaka mitatu, alipata kazi ya kuangalia pampu mwaka 2019, tukafurahi, tukachinja mbuzi. Nyuma ya kiwanda walichimba bwawa kubwa la maji machafu yenye asidi, wakalizungushia ukuta wa udongo, na Mwalimu Constance alipoona udongo ule alikwenda ofisini kwao kuuliza mvua kubwa ikija itakuwaje. Walimpa kiti, walimpa soda, na yeye tayari ana ugonjwa wa sukari, wakamwambia kwamba wataalamu wamepima kila kitu. Aliiacha soda mezani na kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo aliongeza idadi ya tufeza katika vioo vyake, akisema mtu mwenye mbegu chache hazipandi zote.

Sasa tunafika kwenye siku ambayo familia isingependa kuisimulia, lakini kuificha ni kumzika dada yetu pamoja na uongo.

Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, asubuhi simu yake ililia, na aliyepiga alikuwa Édouard, anasema kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha:

"Mama, leo hata muntu mumoja asishuke ku mayi. Bwawa imepasuka. Lakini usiseme ni miye njo nilikuambia, batanifukuza."

Mwalimu Constance hakuvaa hata kitambaa cha kichwa, alitoka na sandali zake za nyumbani akikimbia kushuka Katobwe, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwenye sukari, akipiga kelele tangu mbali. Pale kwenye maji alikuta furaha. Samaki wakubwa wa huko chini walikuwa wamepanda juu ya maji, wakifungua vinywa, wengine wamelala ubavu, na watu walikuwa wakiwaokota kwa mikono, wanawake wamejaza mabeseni, wanacheka na kumshukuru Mungu kwa kitoweo cha bure.

"Tokeni mu mayi!" alilia. "Acheni ile samaki, iko na sumu!"

Mama Jeanne, beseni lake limejaa, alimgeukia. "Umejuaje, madame? Mayi iko vile iko siku yote."

Hilo ndilo swali lililomuua dada yetu, ndugu zangu, ingawa alikufa baada ya mwaka na zaidi. Angeweza kulijibu kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa jina la mwanawe. Badala ya kujibu alilishika beseni la Mama Jeanne na kulipindua, samaki wakamwagika kwenye matope, Mama Jeanne akamsukuma, wakashikana nguo mbele ya watu, majirani wawili ambao hawakuwahi kurushiana hata neno.

Ndipo Mwalimu Constance aliposikia mtoto anakohoa. Chini kidogo, kwenye kona ambapo maji yana kina, Deborah, mwenye miaka tisa, alikuwa ameingia kuokota samaki kwa sketi yake, na mawimbi yenyewe ya lile bwawa yalikuwa yamefika, maji yamegeuka rangi, kijani chenye njano, yananuka kama betri iliyopasuka, na mtoto alikuwa ameteleza akayanywa. Mwalimu Constance aliingia. Waliokuwapo wanasema aliingia bila kusita, maji yakamfika mapajani, akamshika mtoto, akaanguka naye, akainuka naye, na alipotoka upande wa pili amembeba, kichwa cha mtoto kimelegea, hapo ndipo Mama Jeanne alipowaona, na alichokiona ni jirani yake aliyempindulia beseni sasa hivi, amesimama ukingoni mwa maji na mtoto wake mikononi kama maiti.

Miguu ya Mwalimu Constance iliungua tangu mapajani hadi nyayo. Hakuijali siku ile. Deborah alipelekwa kwenye kituo cha afya, mapafu yalikuwa yameharibika, naye akafariki Jumapili tarehe 17 Machi, na wengi wenu mlikuwa kwenye kilio chake. Katobwe yote ilikufa pia, tangu kiwandani hadi Kafubu. Tufeza walilala kwenye mizizi ile waliyokuwa wakitagia, weupe, wengi, kama mchele uliomwagwa, na baada ya jua la siku mbili harufu ilipanda mpaka kanisani. Watu wa kampuni walileta magunia ya unga, wakasema ni mvua ndiyo iliyoteremsha udongo, wakaondoka.

Sasa mtaa ulikaa na maswali mawili. La kwanza, mwanamke huyu alijuaje kabla maji hayajabadilika rangi. La pili lilikuwa baya zaidi, maana mtu aliyekwenda kumpa pole aliingia sebuleni kwake, akatoka na habari, na habari ilikimbia: samaki ya mutoni bote bamekufa, ile ya madame mu vioo beko banaogelea. Basi likajibiwa lile la kwanza kwa hili la pili. Ikasemwa kwamba roho ya mto aliifungia nyumbani kwake, kwamba mtoto wa Mama Jeanne ndiye malipo, kwamba alimzamisha kwa mikono yake na watu wakaona. Neno mulozi, yaani mchawi, halikuandikwa popote, lakini lilikwenda naye sokoni, lilikwenda naye kanisani, na wazazi wawili walikwenda shuleni Kenya kuomba watoto wao wahamishwe darasa.

Édouard alirudi nyumbani akitaka kusema kweli. Mama yake alimfungia mlango, akasimama mbele yake.

"Weye uko na bibi, uko na mutoto wa maziwa," alimwambia. "Jina mubaya haiuwake muntu. Njaa njo inauwaka."

Jumamosi tarehe 23 Machi, asubuhi, watu walifika uani. Wengi walikuwa vijana, baadhi walisoma kwake. Walimshika shemeji Sylvain mlangoni, hawakumpiga, walimshika tu, mtu wa reli mwenye mvi, wakaingia na nondo na kuvivunja vioo vyote vitatu. Maji yalitoka hadi barazani. Mwalimu Constance, miguu yake imefungwa vitambaa, alipiga magoti kwenye saruji kati ya vipande vya kioo, akaanza kuwaokota tufeza mmoja mmoja kwa vidole, anawaweka katika sufuria ya bukari, damu ya mikono yake inaingia humo, na hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemzuia. Watu walimtazama kidogo, kisha wakaondoka. Mama Jeanne alikuwa amesimama upande wa kwake, hakutupa jiwe, aliangalia mpaka mwisho, kisha akaingia ndani.

Waliobaki hai walijaa kiganja cha mtu. Shemeji Sylvain alitaka wawapeleke njia ya Kasomeno, kwa ndugu zake, ambako vijito bado ni safi na hakuna anayewajua, na si samaki tu, hata wao wenyewe wabaki huko. Marehemu alikataa.

"Kule kuko tusamaki twa kule," alisema. "Kila mayi iko na benyewe."

Basi siku ileile alimpakia mkewe nyuma ya baiskeli, ameshika ndoo kati ya magoti, akaisukuma kwa njia ya shambani, wakazunguka kiwanda kwa nyuma, wakapanda hadi mushitu, kwenye chemchemi yenyewe, mahali ambapo sumu haikupita kwa sababu maji hayapandi mlima. Pale juu maji ni baridi na haba, tufeza hawakuwahi kupapenda sana, lakini ni maji yaleyale ya Katobwe. Marehemu aliketi kwenye mzizi, akawa anaongeza maji ya chemchemi ndani ya ndoo kidogo kidogo kwa kiganja ili wasishtuke, kazi ya subira, jua limeanza kushuka ndipo alipoilaza ndoo. Walikaa bila kusogea. Kisha mmoja alitoka, na wote wakamfuata chini ya mizizi. Shemeji anasema kwamba mkewe hakulia walipovunja vioo, alilia pale.

Mwezi wa Aprili alirudi kazini. Alifundisha akiwa amefunga miguu, amevaa sandali za mumewe kwa sababu zake hazikumwenea tena, na darasa lake lilikuwa limepungua. Vidonda vya mguu wa kulia vilikauka, vya kushoto vilikataa, maana asidi na sukari vilikuwa vimekutana katika mwili mmoja. Septemba kidole kilikuwa cheusi. Alilazwa hospitali ya mjini, na tarehe 2 Oktoba 2024 madaktari walimkata mguu wa kushoto chini ya goti, wakiwa wamejaribu kila waliloweza.

Siku chache baada ya hapo Édouard hakuuliza tena ruhusa. Alikwenda kwa shefu, mkuu wa mtaa, akaomba watu waitwe, na mbele yao, na Mama Jeanne ameketi mstari wa mbele, alisimulia simu ile, saa aliyopiga, maneno aliyosema, na jinsi walivyokuwa wameona ufa wa ukuta wiki nzima kabla haujapasuka, na wakaambiwa wafanye kazi wanyamaze. Juma hilohilo kampuni ilimfukuza. Alipofika hospitalini kumwambia mama yake, marehemu alikasirika, tunalisema hili kwa sababu ni kweli, alikasirika sana.

"Juu ya nini ulisema? Muguu ulishaenda. Kazi, ungeiacha ibakie."

"Mama, banakuita mulozi mbele ya mutoto wangu."

Akasogea kitandani akampa nafasi ya kuketi.

Mama Jeanne alikuja hospitalini mwezi wa Novemba. Alisimama mlangoni mwa chumba, sahani imefunikwa kitambaa mkononi, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Mi sikukuya kuomba musamaha. Na weye usiniombe. Nimekuletea bukari na sombe."

Marehemu alimwambia aketi. Walikula wote wawili, bukari na majani yale ya mihogo, kutoka sahani moja, na jina la Deborah halikutajwa siku ile, lakini Mama Jeanne alipoondoka marehemu aligeukia dirisha na kusema kwamba mtoto yule mkono wake ulikuwa mwepesi, alikuwa akimwambia kunguru wa dirishani asile chakula cha samaki, na kunguru alimsikiliza. Tangu hapo sahani ilikuja kila Jumapili. Hatusemi kwamba walipatana. Tunasema walikula.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, alipokuwa amerudishwa nyumbani na figo zimeanza kushindwa, alimwomba mumewe apande mushitu aangalie. Shemeji alikwenda asubuhi. Alikuta miti imekatwa na kuchomwa makaa, tanuri mbili bado zinatoa moshi, jua linapiga chemchemi yenyewe, mizizi imekauka nje ya maji, na maji yamekanyagwa na watu na magurudumu ya baiskeli. Alikaa pale mpaka jioni akiangalia. Aliporudi, marehemu alikuwa ameinuliwa kwenye mito, anamsubiri.

"Beko?" alimuuliza, yaani kama tufeza bado wako.

Shemeji Sylvain hajawahi kumdanganya mkewe. Alivua kofia, akasema: "Mayi iko na matope. Sikuona muzuri."

"Basi," alisema Mwalimu Constance, akageuza uso ukutani, na tangu siku ile hakuuliza tena habari za Katobwe.

Alifariki Jumatano tarehe 4 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake hapa Kasungami, mikononi mwa binti yake Plamedie, baada ya kupokea sakramenti, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne. Kama ameacha pia tufeza, hatujui, na hatutasema tusichokijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliomfunga vidonda hata siku ambazo pamba tulikosa kuinunua, inamshukuru paroko aliyekuja nyumbani wakati ambapo wengine walipita njia ya mbali, inawashukuru walimu wenzake wa Kenya waliomfundishia madarasa yake, na wanafunzi waliochimba kaburi hili tangu alfajiri, wakiwemo baadhi ya wale waliokuwa uani tarehe 23 Machi, ambao tumewaona, na tumewaachia majembe. Inawashukuru majirani, na kati yao Mama Jeanne, aliyeingia kumwosha marehemu bila kuitwa na mtu, na aliyeomba mguu uliobaki aachiwe yeye. Kampuni imeleta sanduku la mbao nzuri na magunia ya unga. Sanduku tumelirudisha, dada yetu amelala katika lile alilotengenezewa na mumewe. Unga tumeupokea, kwa sababu mko wengi na mnahitaji kula.

Jambo moja la mwisho, na tunaomba wazazi wawashike watoto. Tukitoka hapa makaburini, msishuke Katobwe kunawa mikono kama desturi yetu ilivyokuwa tangu kwa babu zetu. Maji yake yanaonekana safi, lakini ni kwa sababu hakuna kitu kinachoishi humo. Maji ya kunawa yamechotwa kwenye kisima cha parokia, yako kwenye mapipa mlangoni pa nyumba ya kilio, na Édouard atasimama pale na kikombe, amwagie kila mtu.

Lala salama, Mwalimu Constance, binti wa Lombe, mke wa Kalenga, mama yetu sote. Umechoka, na hakuna atakayekuuliza tena ulijuaje.